Kesi ya dereva mlevi hufia barabarani, sio kortini

Mhariri,

Krismasi ikikaribia trafiki hurudi barabarani na alkoblo, ile mashine ya kupima pombe kwa pumzi, watu wanapuliza, kesho yake asubuhi ni foleni kortini, mtu analipa faini anaenda zake. Hao sina neno nao. Mimi naongea juu ya yule ambaye ameshaua mtu, maana kesi ya huyo ndio huyeyuka hivi hivi.

Mtu akiuawa kwa panga, wapelelezi wa DCI wanafunga eneo, wanapiga picha, faili inaenda kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka, na kesi inasikizwa Mahakama Kuu. Lakini dereva akiwa chakari akamgonga mama anayechoma mahindi kando ya barabara, hiyo ni "ajali", inaandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, gari linavutwa hadi kituoni na dereva anakimbizwa hospitali ya kibinafsi ati kifua kinamuuma. Hapo kesi ishakufa. Pombe haingoji mtu bana, mwili unaipunguza karibu miligramu 15 kila saa kwa mililita 100 za damu, kwa hivyo aliyelewa chakari saa sita usiku ukija kumtoa damu kesho yake saa nane mchana unaweza kukosa hata tone.

Sasa kiongozi wa mashtaka asimame na nini? Sheria ya Trafiki inasema aliyesababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10, lakini wakili mzuri atasema breki zilifeli, mvua ilinyesha, marehemu alivuka ghafla, na hakuna karatasi ya kipimo cha damu ya kumpinga.

Mnakumbuka 2017 Mahakama ya Rufaa ilipotupa kanuni za alkoblo? Watu walishangilia kwa baa, lakini majaji walikuwa na hoja, sheria yenyewe ilikuwa inauliza kama mtu amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, na kanuni zikawa zinauliza kipimo tu. Maana yake ni kwamba askari wa kwanza kufika pale ni shahidi mkubwa kuliko hata mashine, aandike dereva alinuka nini, alisimama vipi, aliongea vipi. Wangapi huandika? Wengi wanaandika namba ya gari na jina, basi.

Halafu wanakuja wazee wa upande wa dereva na bahasha ya mazishi, familia ya marehemu haina kitu, inakubali, na ghafla mashahidi hawapatikani. Familia siilaumu hata kidogo. Lakini Katiba kifungu cha 157 inasema DPP hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya korti, kwa hivyo hakimu akiletewa ombi kama hilo aulize damu ilitolewa saa ngapi, na kama haikutolewa, OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi kilichoshika kesi hiyo, aitwe aeleze mbele ya watu kwa nini.

Msomaji, Nakuru