Tenisi msiikumbuke siku ya fainali tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalotukera wapenzi wa tenisi huku Kusini. Ukurasa wenu wa michezo umejaa soka, na kwa hilo sina ugomvi. Namungo ni yetu. Lakini tenisi ya wanaume inapata mistari mitatu siku ya fainali ya Wimbledon, basi, mpaka mwakani.

Msimu wenyewe huanza Januari kule Australia na kufungwa Novemba mjini Turin, Italia. Mwaka 2025 Jannik Sinner wa Italia na Carlos Alcaraz wa Hispania waligawana mataji makubwa manne, mawili mawili. Fainali yao ya Paris ilikwenda saa tano na dakika 29. Sinner alipata nafasi tatu za kumaliza mechi kwa pointi moja tu, Alcaraz akazizima zote na kombe akalichukua yeye. Hiyo angalau mliigusa.

Ya Shanghai mliiacha kabisa. Ilikuwa Oktoba mwaka huohuo, huku mazungumzo yote ni bei ya korosho mnadani. Valentin Vacherot wa Monaco, mchezaji wa 204 kwa ubora duniani, alianzia kwenye mchujo, yaani mechi za kuwania nafasi ya kuingia mashindanoni. Nusu fainali akamtoa Novak Djokovic. Fainali akakutana na binamu yake, Mfaransa Arthur Rinderknech, akapoteza seti ya kwanza 4-6, kisha akashinda 6-3, 6-3. Katika mashindano ya ngazi hiyo, ambayo bingwa huvuna pointi 1,000, hajawahi kutokea bingwa aliyetoka chini kiasi hicho. Habari kama hii inakosaje nafasi gazetini?

Hapa Shangani kuna vijana wanaopiga mpira ukutani kila jioni. Raketi ya mmoja wao imekatika nyuzi mbili, naye ameziunga kwa mshipi wa kuvulia. Majina ya mabingwa anayajua. Safari ya mtu aliyeanzia mchujo hajawahi kuisoma kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo inayomhusu zaidi.

Nawaomba safu moja kila Jumatatu, viwango vipya vya ubora wa wachezaji vinapotoka. Muandike na mashindano ya Marrakech, Moroko, ya Aprili, kwa kuwa ndiyo pekee ya wanaume ya ngazi ya juu yaliyobaki Afrika. Ratiba nazo ziwe kwa saa zetu: mechi ya saa 6 mchana Shanghai, kwetu ni saa 1 asubuhi.

Msomaji wenu,
Shangani, Mtwara