Barua kwa Mwanangu: Neno Alilokuambia Bosi

Bungoma, Jumapili jioni

Mwanangu,

Salamu zako tumezipata. Mama yako amefurahi kusikia umepata chumba karibu na kazi. Huko Nakuru kuna baridi, vaa sweta.

Sasa tuje kwa hilo la bosi wako. Unasema alikuambia "uwe makini", nawe ukashinda siku nzima ukitetemeka kila ukigusa chupa ya dawa. Anayetetemeka ni mwoga. Anayeangalia asije akajikwaa ni mwangalifu. Makini ni mtu aliyetulia, akili yake iko pale pale mkono wake ulipo. Ndiyo maana husemwa "sikiliza kwa makini", na anayesikiliza hivyo hana wasiwasi wowote.

Nami nimezeeka nyuma ya kaunta ya dawa, kwa hiyo nisikilize. Karatasi ya daktari ikisema 0.5, ile sufuri ya mbele haikuwekwa kwa urembo. Andika .5 tu, nukta ififie, na atakayesoma ataona 5. Mgonjwa atameza mara kumi ya dozi yake. Upande wa nyuma ni kinyume: andika 5, usiandike 5.0, kwa sababu nukta ikipotea hiyo ni 50. Majina nayo hufanana kama mapacha. Haidralazini ni ya presha, haidroksizini ni ya mwasho. Usisome herufi za mwanzo halafu zilizobaki ukazijaza kichwani. Soma jina mpaka mwisho, kisha lisome tena chupa ikiwa mkononi, kabla hujafungua. Mwandiko ukikushinda usibahatishe; mpigie daktari, hata kama atafoka.

Dawa ya maji ya mtoto ndiyo inayonikera zaidi. Watu humwambia mzazi "kijiko kimoja" wakanyamaza, na vijiko vya nyumbani havilingani hata kidogo. Mpe kikombe cha kupimia, mwekee kidole kwenye alama ya mililita 5, halafu yeye mwenyewe akuonyeshe atakavyopima. Foleni itanung'unika. Iache inung'unike.

Ila kama bosi alikuambia maneno hayo mbele ya wateja, siku hiyo yeye ndiye aliyekosa umakini. Usimjibu lakini, bado uko kwenye majaribio.

Mama yako anauliza kama zile omena zilifika zikiwa kavu, au basi lilinyeshewa njiani. Mjibu haraka, ananisumbua.

Ni mimi,
Baba yako