Mvinyo kwenye choma: angalia joto na ndimu kabla ya rangi ya nyama

Chupa nyingi za mvinyo mwekundu tunazolalamikiwa zilitoka dukani zikiwa nzima kabisa. Zilishinda kwenye buti la gari tangu asubuhi, zikapangwa chini ya meza karibu na jiko la mkaa, jioni zikamiminwa zikiwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Mwenye shughuli anaonja, anakunja uso, anasema mvinyo huu mkali. Kweli ni mkali. Joto hupandisha harufu ya kilevi na kufunika ladha ya matunda, kwa hiyo hata chupa ya bei mbaya inageuka kitu cha kumeza kwa kujikaza.

Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulianzia Ulaya, enzi za nyumba za mawe zisizo na hita, na chumba chenyewe kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Dar mwezi Februari ni nyuzi 30 na ushee mchana, na usiku haushuki sana. Kwa hiyo weka mwekundu kwenye friji nusu saa hadi dakika arobaini kabla ya kufungua, bila kumwonea mtu haya. Mweupe, ule wa rangi ya waridi na wenye povu viingie mapema zaidi, saa mbili tatu hivi kabla ya kufungua.

Kama umeme umekatika au sherehe iko ufukweni Kigamboni, chukua ndoo, tia barafu, ongeza maji, kisha nyunyiza konzi mbili za chumvi. Barafu tupu inagusa chupa sehemu chache tu. Maji ndiyo yanayoizunguka yote, na chumvi inayafanya yawe baridi kuliko barafu ya kawaida. Zamisha hadi shingoni. Dakika 20 mweupe uko tayari, mwekundu hata nusu ya muda huo unatosha.

Sasa chakula. Karibu kila mteja anajua kwamba mwekundu ni wa nyama na mweupe ni wa samaki, na jambo hilo lina msingi wake. Ukakasi wa mvinyo mwekundu, yaani tanini inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, hushikana na protini na mafuta ya nyama, ndipo kinywa kinapopona. Kwa samaki, madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta yake huacha shombo isiyopendeza. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo haijui kachumbari. Haijui pilipili mbuzi wala ndimu inayokamuliwa juu ya kila kitu, na haijui kwamba sisi nyama tunaipenda iliyoiva mpaka ndani.

Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Muargentina anayechoma asado, yaani nyama choma ya kwao, hutia chumvi, mara nyingi hiyo tu, akaacha pande nene na mafuta yake, halafu akafungua mvinyo mwekundu wa zabibu za Malbec. Nyama yetu ikishaiva kabisa imepoteza maji mengi. Ukiipa Cabernet Sauvignon, mwekundu mzito, tena changa yenye tanini nyingi, unakausha mdomo mara mbili, na sehemu zilizoungua zinaongeza uchungu juu ya uchungu. Kwa ng'ombe aliyeiva hivyo tunapendekeza Merlot, mwekundu ulio laini zaidi, au Pinotage isiyo nzito. Pinotage ni zabibu ya Afrika Kusini, iliyopatikana mwaka 1925 Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut huko Stellenbosch, na mara nyingi ina harufu ya moshi inayoelewana na mkaa. Mbavu za mbuzi ni habari nyingine: zina mafuta, zina chumvi, hapo Shiraz, mwekundu mzito, iingie kifua mbele.

Mishkaki ndiyo inayowashinda wengi. Tangawizi, kitunguu saumu, papai bichi la kulainishia, halafu pilipili. Kilevi huchochea muwasho wa pilipili, tanini nayo haisaidii, kwa hiyo mwekundu wenye kilevi cha asilimia 14 hapo ni kumwagia moto petroli. Utamu kidogo na ubaridi ndivyo vinavyotuliza. Chukua Chenin Blanc, mvinyo mweupe, yenye utamu wa mbali, au ule wa rangi ya waridi. Na wale mnaopenda mwekundu mtamu, ambao huwa mnaagiza kwa sauti ya chini kana kwamba mnakosea: upoze vizuri, unywe na mishkaki ya pilipili, na mtu asiwacheke.

Ndimu ina sheria yake moja. Mvinyo usiwe na uchachu mdogo kuliko chakula, la sivyo utaonekana kama maji. Changu wa kuchoma, pweza, ngisi, hata mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na chumvi, vyote vinataka mweupe wa Sauvignon Blanc au Chenin Blanc kavu, yaani isiyo na utamu. Ukinunua samaki Feri asubuhi, anza nao jikoni na mweupe wa baridi, nyama ifuate baadaye na mwekundu. Kitimoto pia tungekipa mweupe au wenye povu, kwa sababu uchachu na povu hukata mafuta. Tunajua wengi wenu mtafikiria bia kwanza.

Chenin Blanc si lazima itoke nje. Inalimwa Dodoma, pamoja na Syrah (ndiyo Shiraz ileile) na ile nyekundu iitwayo Makutupora, na zabibu za huko huvunwa mara mbili kwa mwaka. Makutupora kavu, ikipozwa kidogo, ni chaguo letu la kwanza kwa mbuzi wa kuchoma pale bajeti inapobana, na wakati mwingine hata isipobana.

Kwa wageni wasiotumia kilevi, juisi ya ukwaju isiyojazwa sukari inafanya kazi ileile ya uchachu na utamu kidogo. Andaa ya kutosha, kwa sababu wanywaji nao wataipora.

Kuhusu idadi: chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida. Watu kumi wakinywa glasi mbili mbili ni chupa nne. Ongeza moja ya akiba. Ukitutumia ujumbe asubuhi ukitaja mnachochoma, kama kuna pilipili, na saa ya kuanza, tutakuchagulia chupa na kuzipoza kabla hujapita kuzichukua. Ndoo tunaazima. Njiani zikae ndani ya gari penye kiyoyozi, si kwenye buti, na anayeendesha asionje mpaka afike.