Mafunzo ya Jumamosi: muda na ukumbi vimebadilika

Habari za jioni ndugu zangu,

Mafunzo ya biashara yapo Jumamosi hii, ila tutaanza saa 8 mchana badala ya saa 4 asubuhi. Mama zetu wa Mbuyuni hawawezi kuacha meza asubuhi ya soko, na bila wao tutamfundisha nani biashara? Ukumbi ni ule wa chini. Ngazi za ghorofani si za mtu wa kiti cha magurudumu.

1. Mchango 3,000/= kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi jioni. Ni chai na posho ya mkalimani wa lugha ya alama. Ukikwama niandikie pembeni, lakini uje.

2. Njoo na daftari la mauzo, hata kama limechakaa. Tutatenganisha mtaji na faida (wengi tunakula vyote pamoja!).

3. Afisa maendeleo ya jamii ataeleza mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Andaeni maswali.

Anayekuja aandike NAKUJA hapa kabla ya kesho saa 2 usiku, nijue idadi ya vitafunwa.

Asanteni sana.
Katibu