Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Laini ya akiba ya umeme ijengwe kwa fedha za umma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha na Mipango ya Uchumi,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia wewe badala ya mwenzako wa Kawi kwa sababu naamini wahandisi wamekwisha kueleza vya kutosha kwa nini stima hupotea karibu nchi nzima kwa wakati mmoja, na kilichobaki sasa ni fedha. KETRACO, kampuni ya serikali inayojenga laini kuu za umeme, inaweza kuchora ramani ya kila laini tunayoihitaji, lakini ni Hazina inayoamua iwapo ramani hiyo itakuwa minara na nyaya.

Naomba tukumbushane kidogo. Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme wa maji cha Gitaru, megawati zaidi ya 180 zikatoka kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, kwa mpigo mmoja na nchi ikaingia gizani. Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka mtaani Imara Daima baada ya vyuma vyake kuibwa. Agosti 2023 giza liliingia hadi ndani ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na Desemba mwaka huo likarudi. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba 2024 laini ya Loiyangalani ilijizima pale Suswa, kituo kinachopokea na kugawa umeme, ikiwa imebeba megawati 288 za upepo wa Turkana, na mara laini inayotuletea umeme wa Ethiopia nayo ikazimika na megawati zake 200.

Vyanzo hivi havifanani hata kidogo, na ndiyo maana siridhiki tunapoambiwa, kila baada ya tukio, kwamba chanzo kimepatikana na kurekebishwa. Gridi imara hupoteza laini moja au mtambo mmoja bila mteja kutambua, kwa kuwa mzigo huhamia njia nyingine, na kuna umeme wa akiba unaoziba pengo katika sekunde za kwanza. Sisi njia nyingine hiyo hatuna katika sehemu nyingi. Kituo cha Suswa peke yake hupokea upepo wa Turkana, umeme wa Ethiopia na sehemu ya umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwa hiyo hitilafu ndogo pale hufika Kisumu na Mombasa kabla mtu hajanyanyua simu.

Mwaka 2024 serikali ilitaka kujenga laini kadhaa kwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Adani ya India, wenye thamani ya dola milioni 736, ambao Rais aliufuta Novemba mwaka huo. Sina nia ya kuufufua mjadala ule. Linalonishughulisha ni kwamba mwekezaji yeyote, hata awe mwadilifu kiasi gani, atairejesha fedha yake kwa kutoza ada, na ada hiyo hutegemea laini inayotumika. Kwa laini inayopeleka umeme mpya kwenye viwanda vipya, hesabu hiyo inaweza kukubalika. Laini ya akiba, pamoja na betri za kuituliza gridi, kazi yake ni kuwa tayari kwa siku ya ajali, na siku nyingine zote za mwaka huonekana kama mali iliyolala. Faida yake haimo katika vitabu vya mwenye laini. Imo hospitalini, ambako mashine ya mtoto njiti haikuzimika, na imo kwa mchuuzi wa samaki wa hapa Malindi ambaye friza yake haikuyeyuka usiku kucha. Faida inayotawanyika hivi kwa watu wote haina mtu mmoja wa kuilipia, na hiyo ndiyo kazi ya kodi.

Gharama ya kuchelewesha laini tunaijua. Mitambo ya upepo ya Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, ilikamilika mwaka 2017, ilhali laini yake ya kilomita 435 haikuwa tayari hadi mwaka uliofuata, baada ya mkandarasi wa kwanza kutoka Uhispania kufilisika. Wakenya walitozwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwafikia.

Huku Pwani, Lamu iliachana na kutegemea jenereta za dizeli ilipofikiwa na laini kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Tulifurahi sana. Hata hivyo njia ni hiyo moja, na inapita katika delta ya Mto Tana ambako mafuriko si jambo la ajabu tena.

Siombi tozo mpya, Mheshimiwa. Kila tunaponunua tokeni tunakatwa asilimia 5 ya bei ya umeme kwa ajili ya kusambaza stima vijijini, na matunda yake tumeyaona, kisha tunalipa VAT ya asilimia 16 ambayo huingia moja kwa moja kwenye mfuko wako. Ombi langu ni kwamba sehemu ya VAT hiyo itengwe katika makadirio ya mwaka ujao wa fedha, chini ya fungu lake lenyewe la uimarishaji wa gridi, ambalo halitaguswa bajeti ya ziada inapoletwa bungeni. Fedha za mwanzo ziende kwenye njia za pili za Magharibi na Pwani, ambako upungufu ni mkubwa zaidi, na kwenye betri karibu na Suswa. Kisha zitengwe fedha za kukagua minara na kurudishia vyuma vilivyoibwa, kazi isiyo na sherehe ya uzinduzi na ambayo kwa hiyo husahaulika kwa urahisi. Kila mwaka Bunge lielezwe fungu hilo lilitumika wapi, laini kwa laini.

Iwapo Hazina inaona kwamba jambo hili haliwezekani, naomba utueleze hadharani ni nani mwingine unayemtarajia ajenge laini za akiba, na kwa masharti gani.

Wako mwaminifu,
Mkaazi wa Malindi, Kaunti ya Kilifi