Mdogo wangu, yale majalada

Ndugu yangu,

Shangazi ananiambia kila anayepita barazani unamlalamikia kwamba dadako amekununia kwa sababu ya makaratasi. Ni kweli, nimekununia. Nimekuandikia kwa faragha ukaniachia alama mbili za buluu, kwa hiyo leo naandika hapa, atakayesoma na asome.

Kwanza shukrani zako uzipokee. Mzee ulimuuguza wewe. Ulimgeuza kitandani, ukamwosha, ukamlisha uji kwa kijiko, na siku ya kuzika ukashuka kaburini wakati mimi niko huku Philadelphia, karatasi za uhamiaji zimekwama, sina pa kutokea. Haki hiyo sitakunyima hata tugombane mpaka kiyama.

Lakini ile hitma ya arobaini haijanitoka. Uliegemeza simu kwenye birika ili nami nione. Nikamwona yule mgeni uliyemuuzia amekaa kwenye busati, madaftari ya nyimbo ya Mzee yamepangwa mbele yake, nawe umechuchumaa unayachukua moja moja. Unachana jalada, unalitupa kando, kisha unampa. Nikakuita. Nikakuita tena. Ukanijibu bila kuinua uso: nyuma ya majalada Mzee kaandika madeni yake, na wewe hutaki mtu baki ajue kwamba babako alikuwa na deni la unga dukani. Nikakwambia geuza, tazama upande wa ndani. Upande wa ndani ndiko alikoandika majina ya mabibi wenye zile nyimbo za ngoma: wimbo huu wa vugo katunga nani, ule wa lelemama kausikia kwa bibi gani, mtaa gani, harusi ya nani. Ndipo uliposema mbele ya wazee wote: "Wewe si ndiwe unayekula kwa makaratasi ya wafu wa watu? Ya babako yanakuhusu nini?" Watu wakacheka. Shangazi hakucheka.

Basi nikueleze hayo makaratasi ya wafu wa watu ninayoyafanyia kazi huku, maana miaka yote hii hujaniuliza hata siku moja.

Pwani ya kaskazini ya Pasifiki, upande wa Kanada, wako watu wanaoitwa Kwakwaka'wakw. Kwao wimbo una mwenyewe. Ngoma ina mwenyewe, barakoa ina mwenyewe, na jina la heshima lina ukoo wake. Vitu hivyo hurithiwa, au hutolewa na baba wa bibi harusi kumpa mkwe wake, na hutangazwa kwenye karamu kubwa iitwayo potlatch. Mwenye karamu hugawa mali, na wageni kwa kupokea wanakuwa mashahidi kwamba haki hiyo ni yake. Huimbi cha mtu kwa sababu tu umekipenda. Kanada ikapiga marufuku karamu hizo kuanzia 1885, na marufuku hiyo haikuondoka katika sheria mpaka 1951.

Desemba 1921 Dan Cranmer, mmoja wao, alifanya karamu yake kwenye kisiwa cha Village Island, mbali na macho ya serikali. Habari zikavuja. Watu 45 wakashtakiwa, kosa lao likiwa kucheza, kuhutubia, kugawa na kupokea zawadi. Wakaambiwa: salimisheni barakoa, manyanga na yale mabamba yenu ya shaba yenye umbo la ngao, mtaachiwa. Waliokataa wakaenda jela, wanawake wakiwemo. Mali ikapangwa juu ya mabenchi kwenye ukumbi wa kanisa kule Alert Bay, watu wakatozwa kiingilio kuitazama. Nyingi ikapelekwa Ottawa na Toronto, na nyingine ofisa wa serikali, William Halliday, akamuuzia mkusanyaji wa New York, George Heye. Imechukua miaka zaidi ya hamsini kwa vitu hivyo kuanza kurudi, na vilirudi kwa sababu wazee walijua hiki cha nani na kile cha nani. Jumba la makumbusho la Cape Mudge likafunguliwa 1979, na la U'mista hapo hapo Alert Bay likafunguliwa 1980.

Na yuko mtu ambaye laiti ungemjua. George Hunt, aliyezaliwa 1854. Mamake alikuwa wa kabila la Tlingit, kaskazini zaidi, babake Mwingereza wa kampuni ya biashara ya manyoya, Hudson's Bay, naye akakulia Fort Rupert kati ya Wakwakwaka'wakw, akaoa kwao, akaongea lugha yao. Mtaalamu wa tamaduni za watu, Franz Boas, alimfundisha kuandika Kikwak'wala, na kwa karibu miaka arobaini Hunt akawa anamtumia kurasa kwa posta, maelfu kwa maelfu. Mwaka 1897 likatoka buku kubwa juu ya watu hao, lenye jina la Boas. Picha za barakoa zimo, nyimbo zimo, lakini wenyewe wengi hawakutajwa. Hunt akaona makosa, na baadaye akakaa miaka akiandika masahihisho: hii ilikuwa ya fulani, wimbo huu ni wa ukoo ule, huyu kaupata kwa mkewe. Mamia ya kurasa, na mpaka anafariki 1933 hazikuchapwa. Ziko hapa Philadelphia, kwenye maktaba ya American Philosophical Society, na leo watafiti pamoja na watu wa U'mista wanazitumia kurudisha majina mahali pake. Hata mapishi ya samaki katika buku jingine la Boas, la 1921, kurasa kwa kurasa, mengi ni ujuzi wa mkewe Hunt. Ukilitazama jalada, jina la huyo mke hulioni.

Sasa niambie, mdogo wangu, kwa nini nisichomwe na uliyoyafanya? Kazi yangu yote ni kuhangaikia kile kile ulichokichana mbele ya macho yangu. Usiniambie hayo ni ya kwao. Wewe unayejisifu kwa beti za Muyaka kila ukikaa kwenye kahawa, unadhani zilikufikia vipi? Mwalimu Sikujua alizikusanya hapo hapo Mombasa, akakaa na mmisionari Taylor, akamfafanulia neno kwa neno. Karatasi ziko London. Zimeondoka, ni kweli, ila ziliondoka na jina la Muyaka.

Sikukasirika kwa kuuza. Pesa ya kumalizia shughuli ilihitajika, na niliyotuma mimi haikutosha, najua. Ungeuza madaftari yote na majalada yake nisingekulaumu namna hii. Unasema ulimsitiri Mzee. Deni la unga lina aibu gani kwa mtu aliyesomesha watoto wa mtaa mzima bila kudai ada? Wale mabibi uliwavua nguo hadharani ili umvishe yeye, na yeye hakuwa uchi.

Na hilo la kwamba Mzee hanihusu, lifute. Nani aliyekuwa akikaa naye baada ya alasiri, yeye anaimla mimi naandika, wewe uko ufukweni na mpira? Alinifunza kwamba kabla ya kuandika wimbo uandike mwenye wimbo. Huku nimekuja na mafunzo yake, na ndiyo yaliyonipa kazi. Kila senti niliyotuma nyumbani imetoka humo, na dawa zake pia.

Nimemwandikia yule mgeni kwa adabu, naye amejibu kwa adabu. Atatuma picha za kurasa zote. Zikifika nitakutumia wewe, kwa sababu wewe ndiwe uliyeko na macho ya Shangazi hayaoni tena maandishi madogo. Majalada anasema aliyaona kwenye gunia la mkaa; kama yamechomwa niambie tu, nijue moja. Deni la dukani nimelilipa kwa M-Pesa wiki iliyopita, kwa hiyo hakuna cha kuficha tena.

Kaa na Shangazi baada ya alasiri, umsomee mstari wa kwanza wa kila wimbo. Wengine atawakumbuka papo hapo, wengine itabidi umpeleke kwa yule bibi wa Kibokoni, na huyo umwahi, hali yake si nzuri. Usimharakishe. Na ukiandika jina, andika na la mamake, maana akina Mwanaisha mtaani ni wengi.