Maji ni ya moto, lakini LUKU inaisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze wasomaji wenzangu, hasa tunaoishi Nyanda za Juu Kusini, jambo moja kuhusu pampu za joto, yaani zile mashine za kupashia maji ambazo baadhi yetu tumeanza kuzifunga majumbani badala ya hita za kawaida. Mashine hii ikiwa na hitilafu, mara nyingi maji hayapoi. Mwenye nyumba anaendelea kuoga maji ya moto kama kawaida, huku umeme ukiteketea bila yeye kujua.

Mimi ni mkazi wa Njombe, ambako mwezi Julai maji ya bomba ya alfajiri huuma vidole. (Wapo watakaouliza kwa nini sikuweka sola, nyumba yangu imezungukwa na miti ya paini, na jua hulifikia paa kwa saa chache tu.) Mwaka jana nilifunga pampu ya joto yenye tanki la lita 200. Muuzaji alinieleza, na katika hilo alisema kweli, kwamba inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa: friji huvuta joto la vyakula na kulitolea mgongoni, nayo pampu huvuta joto la hewa na kuliingiza ndani ya tanki, kwa hiyo uniti moja ya umeme inaweza kuleta joto la uniti 3. Asichonieleza ni kwamba ndani ya tanki hilohilo mna hita ya umeme kama zile za zamani, iliyowekwa ili kusaidia pale pampu inapozidiwa, na kwamba hita hiyo hujiwasha yenyewe bila hodi.

Kupandisha lita 200 za maji kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 55 kwa hita pekee kunakula uniti 9 na ushei. Pampu nzima hufanya kazi hiyohiyo kwa uniti 3, au 4 kukiwa na baridi kali. Kwa bei ya takriban Sh 350 kwa uniti, tofauti inakaribia Sh 2,000 kila siku, yaani kama Sh 60,000 kwa mwezi. Nyumbani kwangu uniti 50 za LUKU zilikuwa zikiisha ndani ya siku 4, na kwa wiki kadhaa niliwasingizia watoto pasi na televisheni.

Fundi wa kwanza alisema gesi imeisha, akataka kujaza nyingine. Wasomaji wajue kwamba gesi ya mashine hii haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia. Imefungiwa ndani ya mabomba na huzunguka humohumo miaka yote. Ikiwa imepungua, basi ipo sehemu inayovuja, na fundi anayejaza bila kwanza kutafuta uvujaji huo anauza gesi tu. Fundi wa pili alitaka tubadilishe kompresa, yaani mtambo unaoisukuma gesi hiyo izunguke. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweka mkono mbele ya feni.

Nilikuja kufanya hivyo mwenyewe, na ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya: nilizima hita kwenye kidhibiti, nikaiacha pampu peke yake kwa dakika 20, kisha nikalinganisha hewa inayoingia na ile inayotoka. Hewa inayotoka inapaswa kuwa ya baridi zaidi, na kwangu ilikuwa hivyo, ambayo ni dalili kwamba gesi na kompresa vinafanya kazi. Tatizo lilikuwa kwenye hewa inayoingia, nayo ilikuwa baridi vilevile. Mashine ilifungwa ndani ya stoo isiyo na dirisha, mlango ukiwa umefungwa usiku kucha, ikawa inavuta tena hewa ileile iliyokwisha kuinyonya joto. Kila saa stoo ilizidi kupoa, koili, yaani mabomba yanayonyonya joto la hewa, ikaanza kushika barafu, na hita ikachukua kazi yote. Juu ya hayo, vibati vyembamba vya koili vilikuwa vimegandiwa na masizi kutoka jiko la kuni lililo jirani, na saa ya mashine ilikuwa imewekwa ianze saa nne usiku, wakati ambao hewa ya Njombe haina joto la kumpa mtu.

Tulitoboa ukuta na kuelekeza hewa baridi nje, tukasafisha vibati kwa brashi laini umeme ukiwa umezimwa, tukahamishia kazi mchana kati ya saa sita na saa kumi. Uniti 50 sasa zinakaribia siku 8. Gesi ni ileile na kompresa ni ileile.

Lipo kosa jingine lililonitia hofu zaidi kuliko gharama. Bomba dogo la vali ya usalama lilikuwa likidondosha maji kila mashine inapofanya kazi, na fundi mmojawapo, kwa nia njema, akalipiga kizibo. Lita 200 zinapopashwa kutoka nyuzi 15 hadi 55 huongezeka kwa karibu lita 3, na pale ambapo bomba la kuingizia maji lina vali ya kuzuia yasirudi, nyongeza hiyo lazima ipate pa kutokea. Ukiiziba, shinikizo hupanda ndani ya tanki, na siku themostati ikigoma kukata umeme, tanki hilo linaweza kupasuka kama bomu. Matone wakati wa kupasha hayana ubaya. Yakitiririka mfululizo, itwe mtu akague vali na shinikizo la maji, lakini isizibwe kamwe.

Wapo pia wanaoshusha joto la tanki hadi nyuzi 40 ili kubana matumizi. Katika joto hilo bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, huzaliana vizuri, ndiyo maana inafaa maji yapandishwe hadi nyuzi 60 angalau mara moja kwa wiki. Kwa kazi hiyo hita ina haki yake ya kuwemo. Na umeme ukikatika ukarudi, kompresa husubiri dakika kadhaa kabla ya kuwaka. Hiyo ni kinga, si ubovu.

Ombi langu kwa wauzaji ni kwamba wamwachie mteja maelezo ya Kiswahili, wamwonyeshe hita inawashwa na kuzimwa wapi, na wasiifunge mashine inayokula hewa ndani ya chumba kisicho na hewa. Vyuo vya VETA vinafundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na pampu hizi ni ndugu wa damu wa majokofu; ningependa kuona wanafunzi wakizifungua na kuzipima darasani kabla hawajaja kujifunzia kwenye nyumba zetu.

Msomaji wako,
Njombe